Risotto ya mboga: Siri iko kwenye punje, si kwenye siagi

KATIKA nyumba nyingi za Afrika Mashariki, wali ulioshikana na kuwa majimaji ni aibu. Watu huuita bokoboko au mashendea, na mpishi hujitetea mbele ya wageni kwa kuulaumu mchele mpya au maji yaliyozidi. Kaskazini mwa Italia mambo ni kinyume chake. Huko mgeni akiandaliwa risotto ambayo punje zake zinachambuka moja moja, atasema mpishi hajui kazi. Risotto inatakiwa iwe rojo, itambae polepole sahani inapoinamishwa, lakini kila punje ibaki nzima na iwe na ugumu kidogo inapofika kwenye jino.

Chakula hicho kimekwisha kuzoeleka katika hoteli za Malindi, Watamu na Unguja, ambako Waitaliano wamekuwa wakifika kwa miaka mingi kama watalii, na baadhi yao wakahamia kabisa. Wanaojaribu kukipika nyumbani hurudi na malalamiko yale yale: kina siagi nyingi, jibini nyingi, chumvi kali, na baada ya sahani moja mtu hawezi kuinuka. Kwa risotto nyingi za hotelini malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini siagi na jibini mara nyingi humiminwa kwa wingi ili kuficha mchele usiofaa na supu isiyo na ladha. Ukipatikana mchele wenyewe na supu nzuri ya mboga, risotto ya watu wanne inaweza kupikwa kwa vijiko viwili au vitatu vya mafuta, na mboga zikawa na uzito mara mbili ya mchele.

Kwa mkulima wa mpunga na mfanyabiashara wa mchele kuna jambo jingine la kujifunza humo. Risotto ni chakula ambacho jina la mbegu ndilo linalouza gunia. Wakulima wa Italia wamevutana kwa miaka mingi na wachuuzi juu ya jina hilo, na mvutano huo unafanana sana na ule wa pishori ya Mwea na mchele wa Kyela.

Mpunga wa bonde la Po

Italia ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha mpunga katika Umoja wa Ulaya, ikitoa karibu nusu ya mpunga wote wa umoja huo. Mashamba yake, yanayozidi hekta 200,000, karibu yote yako katika bonde la mto Po, hasa maeneo ya Vercelli, Novara na Pavia. Zao hilo si geni huko. Mwaka 1475 mtawala wa Milan, Galeazzo Maria Sforza, aliandika barua akiahidi kumpelekea mtawala wa Ferrara magunia 12 ya mbegu za mpunga. Karne nne baadaye, kati ya 1863 na 1866, ulichimbwa Mfereji wa Cavour, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, unaochota maji ya Po kuanzia Chivasso na kuyagawa mashambani. Mkulima wa Mwea au Mbarali aliyewahi kukesha akisubiri zamu ya maji hahitaji kuelezwa faida ya mfereji kama huo. Mwaka 2022, ukame mkubwa ulipoupunguza mto Po, wakulima wengi wa bonde hilo walishuhudia mpunga ukikauka mbele ya macho yao.

Hadi katikati ya karne iliyopita palizi ya mpunga huko ilikuwa kazi ya wanawake vibarua walioitwa mondine. Walisimama majini hadi magotini, migongo imeinama, tangu asubuhi, kwa wiki nyingi kila msimu. Dawa za magugu na mashine ndizo zilizowaondoa mashambani.

Aina tatu za mbegu ndizo zenye sifa kubwa kwa risotto. Vialone Nano ilipatikana mwaka 1937, Carnaroli mwaka 1945 na Arborio mwaka 1946. Hii ya mwisho ilipewa jina la mji mdogo ulioko Vercelli. Zote tatu zina damu ya mbegu moja ya zamani iliyoitwa Vialone. Carnaroli ndiyo inayosifiwa zaidi na wapishi, na ndiyo inayomsumbua zaidi mkulima. Mmea wake ni mrefu, unalala chini upepo na mvua vikizidi, unashambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa blasti, na mavuno yake kwa hekta ni madogo kuliko ya mbegu za kisasa. Anayeilima anategemea bei tu. Bei isipokuwa juu, hana sababu ya kuhangaika nayo.

Wanga wa aina mbili

Wanga wa punje ya mchele ni wa aina mbili. Ya kwanza ni amilopektini, ambayo huvimba, hulainika na kutoka nje ya punje wakati wa kupika. Hiyo ndiyo inayofanya supu kuwa nzito kama maziwa ya nazi. Ya pili ni amilosi, ambayo huisaidia punje kusimama isivurugike. Mchele mrefu wa kunukia kama pishori hautoi rojo ya kutosha, hivyo hukauka na kuchambuka, jambo linaloupa sifa katika pilau na biriani. Mchele wa risotto ni mfupi na mnene. Nje hutoa rojo, ndani hubaki imara. Carnaroli ina amilosi nyingi kuliko Arborio, na kwa sababu hiyo humsamehe mpishi aliyechelewa dakika mbili. Arborio haina msamaha huo. Ukigeuka kujibu simu, umepata uji.

Anayeutazama mchele huo kwenye mwanga ataona doa jeupe katikati ya punje. Katika biashara ya mchele mrefu doa hilo huhesabiwa kasoro na hushusha daraja la gunia. Waitaliano huliita lulu, na katika Carnaroli na Arborio ni alama ya kuwa mchele ni wenyewe. Kinachomshushia bei mkulima mmoja kinampandishia mwenzake, kwa kuwa sufuria inayokusudiwa ni nyingine.

Vita vya jina

Sheria ya Italia ya mwaka 1958 iliruhusu mbegu zinazofanana na mbegu mashuhuri kuuzwa kwa jina la ile mashuhuri. Kwa njia hiyo mchele wa mbegu kama Karnak au Caravaggio, ambao mmea wake ni rahisi zaidi kuutunza, uliingia dukani kwenye paketi iliyoandikwa Carnaroli, na mbegu ya Volano ikavaa jina la Arborio. Hapakuwa na wizi wa kisheria, lakini mkulima aliyepanda Carnaroli halisi, akavuna kidogo na kuuza kwa hofu ya upepo, alijikuta kwenye rafu moja na mtu ambaye hakupitia taabu hiyo.

Mwaka 2017 sheria mpya ilipitishwa. Majina ya zamani yaliendelea kutumiwa na mbegu zinazofanana, lakini neno “classico” likatengwa kwa mchele wa mbegu yenyewe halisi. Anayetaka kuliandika kwenye paketi lazima aweze kuonyesha mnyororo mzima: mbegu ilinunuliwa wapi, ilipandwa shamba gani, ilivunwa kiasi gani na ilikobolewa wapi. Usimamizi umo mikononi mwa Ente Nazionale Risi, taasisi ya umma ya mchele iliyoanzishwa mwaka 1931. Kwa maneno ya sokoni, mkulima asiyetunza risiti ya mbegu hana haki ya jina.

Hapo ndipo wakulima wa Afrika Mashariki wanapoweza kusogea karibu kusikiliza. Pishori ya Mwea, ambayo asili yake ni mbegu ya Basmati 370, kwa miaka mingi imelalamikiwa kuchanganywa na mchele wa bei nafuu kutoka nje na kuuzwa kwa jina la Mwea. Nchini Tanzania jina la Kyela lina mvuto kiasi kwamba mnunuzi wa Dar es Salaam hana njia rahisi ya kujua kama gunia alilolinunua lilitoka huko kweli au limeandikwa tu kalamuni. Anayeumia kwanza ni mkulima, maana harufu na ladha vikipungua, mnunuzi hamlaumu aliyechanganya. Anasema mchele wa Kyela siku hizi hauna kitu.

Sufuria hufichua mchanganyiko kuliko macho. Punje za mbegu tofauti haziivi kwa wakati mmoja. Nyingine zinakuwa zimepasuka wakati nyingine bado zina kiini kigumu. Maabara za mchele hupima jambo hilo kwa njia nyepesi sana: punje huchemshwa, kila dakika zinatolewa 10 na kubanwa kati ya vioo viwili. Kiini ambacho hakijaiva huonekana kama doa jeupe. Mfanyabiashara mwenye duka anaweza kufanya vivyo hivyo kwa vipande viwili vya kioo na kiganja cha mchele kabla ya kulipia magunia. Mchele wa mbegu moja na wa msimu mmoja utapoteza doa karibu kwa pamoja. Uliochanganywa utaachana dakika kadhaa.

Supu kwanza

Kupika risotto ya mboga kunaanzia kwenye supu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu afya ya chakula kizima. Vidonge vya supu ni rahisi, lakini mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kwa vyakula vyote alivyokula. Lita moja na nusu ya supu ya vidonge, ikikaushwa ndani ya mchele wa watu wanne na kuongezewa jibini, inaweza kummalizia mlaji sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja.

Supu ya nyumbani haigharimu kitu cha maana. Maganda safi ya karoti, ncha za zukini, majani ya nje ya kitunguu, mashina ya uyoga, kipande cha seleri, jani la bei na pilipili manga nzima chache huchemshwa kwa maji lita mbili kwa muda wa dakika 40 hivi, kisha yakachujwa. Mwenye kula jibini ya Kiitaliano anaweza kutumbukiza ganda lake gumu ambalo wengi hulitupa. Chumvi isiwekwe bado.

Waveneti wana ujanja mmoja unaofaa kuigwa na kila anayeuza njegere. Chakula chao cha mchele na njegere mbichi, risi e bisi, ambacho zamani kiliandaliwa mezani kwa mtawala wa Venice siku ya Mtakatifu Marko, Aprili 25, hupikwa kwa supu iliyochemshwa kwa maganda ya njegere zenyewe. Maganda hayo yana utamu na rangi. Sokoni kwetu hufagiliwa jioni pamoja na takataka.

Dakika kumi na nane

Kwa watu wanne, gramu 300 za mchele zinatosha, yaani gramu 75 kwa kila mmoja. Wengine wataona ni kidogo, lakini mchele huo hunywa supu mara tatu hadi nne ya uzito wake, na mboga zinakuja juu yake. Gramu 75 za mchele mweupe zina takriban kalori 260. Mboga ziwe gramu 600 au zaidi. Kiasi hicho humpa kila mlaji gramu 150, sehemu nzuri ya gramu 400 za mboga na matunda ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri zifikiwe kila siku.

Mfano mzuri wa kuanzia ni boga. Waitaliano wa Mantova na Chioggia wanalipenda katika risotto wakati wa vuli, na boga la huku lenye nyama kavu na tamu linafaa vilevile. Lile la majimaji halifai. Gramu 400 za boga hukatwa vipande vidogo. Nusu yake huchemshwa pembeni na kupondwa mpaka liwe laini, nusu nyingine husubiri. Gramu 200 zilizobaki zinaweza kuwa uyoga, spinachi au njegere.

Sufuria iwe pana na yenye kitako kizito. Kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo sana hulainishwa kwa vijiko viwili vya mafuta ya zeituni au ya alizeti, moto mdogo, bila kubadilika rangi. Hapa haraka haisaidii. Kitunguu kikiungua, risotto yote itanuka moshi.

Kisha mchele huingia mkavu, bila kuoshwa. Kwa mpishi wa Kiafrika hilo ni gumu kulikubali, lakini vumbi jeupe lililoko juu ya punje ni wanga, na kuuosha ni kuimwaga rojo kwenye sinki. Mchele wa paketi umekwisha kusafishwa. Ule wa gunia upepetwe na kuchambuliwa mawe kwa uangalifu, na kama ni lazima kuoshwa, uoshwe mara moja upesi na kukaushwa kwenye kitambaa. Unakaangwa kwa dakika mbili au tatu, ukigeuzwa, hadi punje ziwe za moto kabisa na kingo zake zing'ae. Punje iliyopata moto kwa njia hiyo haivurugiki mapema.

Waitaliano kwa kawaida huongeza mvinyo mweupe nusu glasi wakati huu na kuuacha ukauke. Kazi yake ni kuleta uchachu unaokata uzito wa jibini. Asiyetumia kileo hapotezi kitu. Maji ya ndimu kijiko kimoja, yakiwekwa mwishoni, yanafanya kazi ile ile.

Vipande vya boga visivyopondwa huingia sasa, kisha supu. Supu lazima iwe inachemka kwenye sufuria ya pembeni. Ukimwaga supu baridi unausimamisha mchele uivaji wake kila mara, na nje unalainika kabla ndani hakujaguswa. Humiminwa upawa mmoja au miwili, inakorogwa kwa mwiko, ikikaribia kukauka unaongeza tena. Si lazima kukoroga bila kupumzika kama asemavyo kila mtu. Kukoroga kila baada ya nusu dakika hivi kunatosha kuzisuguanisha punje zitoe wanga na kuzuia zisishike chini. Wakati huo huo mtu anaweza kukwaruza jibini au kukata majani ya kotimiri.

Kuanzia supu ya kwanza hadi mwisho ni dakika 16 hadi 18 kwa Carnaroli au Arborio. Uyoga uliokaangwa pembeni, njegere au spinachi huingia katika dakika tano za mwisho, visipoteze rangi. Mpishi aonje kuanzia dakika ya 14. Punje ikiwa laini nje na bado inabana jino kidogo katikati, bila kuwa na unga, moto uzimwe. Mchele usioiva kupita kiasi pia humeng'enywa taratibu zaidi kuliko uliovurugika, jambo ambalo lina maana kwa mwenye kisukari, ingawa kwake kipimo cha sahani kina uzito zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotofautisha risotto nyepesi na ile ya hotelini. Baada ya sufuria kuondolewa motoni, mpishi wa hoteli hutumbukiza vipande vikubwa vya siagi baridi na jibini, akakoroga kwa nguvu mpaka vichanganyike na wanga. Nyumbani, boga lililopondwa huchukua nafasi ya siagi. Linaongezwa pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni na gramu 30 au 40 za jibini ngumu kama Parmigiano Reggiano, ambayo hukomazwa kwa miezi isiyopungua 12 na ina chumvi ya kutosha yenyewe. Inakorogwa kwa nguvu, inafunikwa dakika mbili, ndipo chumvi inaonjwa kwa mara ya kwanza. Mara nyingi haihitajiki. Kama imekuwa nzito, upawa wa supu huirudishia utelezi. Isiachwe ikisubiri watu, watu ndio waisubiri.

Ujanja wa kuponda sehemu ya mboga unakubali mboga nyingi. Njegere zilizosagwa, zukini zilizochemshwa na kupondwa, hata maharage, vyote huleta uzito bila mafuta. Katika Vercelli kwenyewe chakula cha jadi cha mashambani, panissa, ni mchele uliopikwa na maharage na soseji ya nguruwe. Wenzao wa Novara wana paniscia, yenye kabichi na mboga nyingine pia. Ukiiondoa nyama, kinachobaki ni jirani wa karibu wa wali maharage, mlo ambao hakuna mtu wa Afrika Mashariki anayehitaji kuufundishwa. Maharage huongeza protini na nyuzi ambazo mchele mweupe umezikosa. Zafarani, inayoipa risotto ya Milano rangi ya dhahabu, nayo si ngeni kwa wapishi wa pilau na biriani za Pwani.

Asiyepata mchele huo

Arborio huuzwa katika maduka makubwa ya miji mikubwa kwenye paketi ndogo, na bei yake kwa kilo ni mara kadhaa ya mchele wa nyumbani. Anayeona bei hiyo haimfai asitumie pishori wala mchele mwingine wa kunukia. Hautatoa rojo, na harufu yake itagombana na jibini. Atafute mchele mfupi na mnene usio na harufu. Kwa walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, mchele mfupi wa Misri hupatikana kwa urahisi na unafanya kazi vizuri, ingawa unalainika haraka kidogo. Mchele mpya, ambao wapishi wetu huukimbia kwa kuwa hushikana, hapa una nafasi yake. Kinyume chake, wapo wakulima wa Italia wanaoweka mpunga ghalani mwaka mzima au zaidi kabla ya kuukoboa, ili punje ikauke vizuri, inywe supu zaidi na isivurugike, na huuza mchele huo kwa bei ya juu.

Mchele wa kahawia una nyuzi nyingi, lakini pumba yake huziba wanga usitoke, kwa hiyo utapata chakula chenye afya ambacho si risotto. Anayetaka nyuzi afadhali atumie shayiri iliyokobolewa. Wakazi wa kaskazini mashariki mwa Italia hupika shayiri kwa njia hii hii na kuiita orzotto. Huchukua muda mrefu zaidi, kati ya dakika 30 na 40, na haidai uangalizi mkubwa.

Kwa mkulima wa mboga aliye karibu na hoteli za Kitaliano, mahitaji ya jikoni hizo yanajulikana. Zukini huchumwa changa, urefu wa sentimeta 12 hadi 15, kabla mbegu hazijakomaa. Ikiachwa siku mbili shambani inakuwa kama mung'unye na mpishi huikataa. Njegere zifike siku ile ile zilipochumwa, kwani utamu wake hugeuka wanga haraka. Kwa mwenye meza sokoni, fungu moja lenye kitunguu, karoti, kipande cha seleri, zukini mbili na kipande cha boga lililokatwa ni mlo wa familia uliokwisha kupangwa, na mama anayetoka kazini jioni atalipia nafuu hiyo.

Mabaki yanataka tahadhari. Mchele uliopikwa na kuachwa mezani usiku kucha unaweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemsha na sumu yake haiondolewi na kupasha moto. Kinachobaki kitandazwe kwenye sahani pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na kiliwe kesho yake. Watu wa Milano hukitandaza mabaki hayo kwenye kikaango chenye mafuta kidogo kama chapati, wakaacha upande mmoja ukauke na kuwa wa kahawia kabla ya kugeuza. Wao wanakiita riso al salto na hukiuza hata mikahawani. Watoto wa huku wangekigombania kwa jina la ukoko.